Mzee Mzunguko na Glasi ya Kwanza

Mume wangu ofisini walimwita Mzee Mzunguko, na jina hilo hakulipata bure. Ukimwambia akupeleke posta, ambako mtu wa miguu anafika chai haijapoa, yeye atakupitisha nyuma ya shule, atakata kwenye maghala, atazunguka uwanja wa mpira, ndipo akufikishe. Wahasibu walimcheka, wakasema mzee anapenda usukani kuliko mkewe. Mimi sababu nilikuwa naijua na nilinyamaza, maana mambo ya nyumbani kwangu hayaendi kutembea ofisini kwa watu.

Sababu ni hii. Mume wangu alikuwa mnywaji. Simwiti mlevi, hilo lilikuwa neno la majirani. Alikunywa mpaka pacha wetu walipofika umri wa kuuliza baba analala wapi. Asubuhi moja akaamka, akaoga, akasema, "Mama Pacha, nimeacha." Nikamjibu, "Tutaona." Hakwenda kuombewa wala hakunywa dawa. Alichofanya ni kuacha kupita barabara zenye baa zake. Kila baa aliyowahi kukaa aliitafutia njia ya kuikwepa, na baa alizowahi kukaa hazikuwa chache, basi akawa na njia nyingi. Alipoajiriwa udereva kwenye kampuni ya kuuza vigae alikuja na njia hizo kichwani. Wao waliona mzee anamaliza mafuta. Mimi niliona mtu anarudi nyumbani ananuka sabuni.

Mwaka wake wa kustaafu, jioni moja, ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, akaniambia, "Kesho nimepangiwa safari."

"Ya wapi?"

"Kumzungusha binti wa sherehe. Anatafuta ukumbi wa sherehe ya mwisho wa mwaka." Akakoroga maji kwa vidole vya miguu. "Mkurugenzi anataka ifanyike kwenye kiwanda cha bia. Eti ndio mtindo sasa, watu wanakula huku wanatazama matanki."

"Dereva mwingine hakuna?"

"Yuko likizo."

"Sema kichwa kinauma."

"Kitauma mpaka lini?"

"Basi mwambie binti ukweli."

Akaitoa miguu majini. "Nimewaendesha watu wale wote bila kumgonga hata kuku. Nikisema leo, kuanzia kesho wataninusa."

Hapo nikamwona ana haki. Lakini kumwacha aende peke yake, hilo hapana. Asubuhi nikavaa viatu vyangu vya kutokea, vinavyobana, nikasimama getini. Gari liliposimama kumchukua binti kwenye kona yetu, nikafungua mlango wa nyuma nikakaa.

Binti alikuwa mwembamba, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, begani kabeba mkoba mzito kuliko yeye. "Shikamoo, bibi. Tunakuacha wapi?"

"Marahaba. Mimi si bibi yako, ni mke wa huyu dereva. Mnakokwenda ndiko ninakokwenda."

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama kioo cha pembeni kana kwamba kuna lori.

"Mama, hili ni gari la ofisi..."

"Naliona. Limechoka kuliko mimi. Twende, mwanangu, jua linapanda."

Akacheka kidogo, akakubali. Nadhani hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu mwingine siku ile. Njiani alitafuna mkate mkavu, akatuambia shida yake. Mkurugenzi anataka mahali watu watakapopazungumzia mwaka mzima. Mhasibu anataka rahisi. Wanawake wa ghalani wanataka viti vyenye mgongo. Wasiokunywa hawataki kukaa karibu na harufu, na wanaokunywa hawataki kukaa mbali nayo. "Nikikosea, mama, nitaitwa yule wa ule ukumbi mpaka nizeeke."

"Na huyu mzee wako anataka nini?" nikauliza.

"Mzee hana neno. Si ndiye mgeni wa heshima? Siku hiyo ndiyo tunamuaga."

Mume wangu akabadilisha gia, ingawa hapakuwa na kilima.

Kiwanda cha kwanza kilikuwa kidogo, gereji ya zamani iliyopakwa rangi nyeusi. Ndani kuna ukuta wa kioo, nyuma yake matanki yanang'aa kama sufuria za harusi. Meza za mbao zisizorandwa vizuri, na mabenchi. Nikakaa, goti likalia. Siku ile walikuwa wanachemsha, na harufu ya shayiri ilijaa mpaka kwenye nguo, tamu, nzito, kama nafaka iliyoshika chini ya chungu. Mimi sijawahi kunywa, lakini harufu ile naijua. Nimeifua kwenye mashati.

Binti akauliza mambo ya maana. Umeme ukikatika? Choo cha wanawake kina milango mingapi inayofunga? Mvua ikinyesha? Mwenye kiwanda, kijana wa ndevu na aproni ya ngozi, akajibu vizuri. Kisha akaleta kibao chenye matundu, kila tundu na kiglasi chake. Kumbe ndiyo desturi yao, anayekuja kukagua lazima aonje. Akampa binti kibao kimoja, akaniletea mimi kingine, na cha tatu akakipeleka mlangoni, pale mume wangu alipokuwa amesimama.

"Karibu, mzee wangu. Hii nyepesi, hata mtoto hashtuki."

Mume wangu akainua mkono wenye funguo, akazitikisa. "Naendesha."

"Aa, basi, samahani mzee." Kijana akarudi na kibao chake.

Nikapumua. Funguo zile tu. Mtu mwenye funguo mkononi hakuna anayemuuliza swali la pili. Cha kwangu nilikisukumia mbali, kijana akasema, "Mama naye anaendesha?" Nikamwambia, "Naendesha huyo anayeendesha." Wakacheka wote, hata binti.

Ndipo kijana akamweleza binti kitu kikubwa cha ukumbi wao. Katikati ya sherehe wanaleta pipa la mbao. Mgeni wa heshima anapewa nyundo, anagonga koki mpaka iingie, anajaza glasi ya kwanza, na anaimaliza yeye, amesimama, watu wote wanapiga makofi. Kabla hajamaliza hakuna mwingine anayekunywa.

"Mkurugenzi atapenda hiyo," binti akasema, akaandika. "Na mzee siku hiyo haendeshi. Tutakodi basi. Utakaa mbele, mzee, ustarehe kama bwana harusi."

Mume wangu akasema, "Asante, mwanangu." Sauti ilikuwa imemshuka mpaka miguuni.

Kiwanda cha pili kilikuwa nje ya mji, cha pombe kali. Huko walituingiza ghala refu lenye giza, mapipa yamelala safu kwa safu, na hewa yenyewe ilikuwa inalewesha. Mtembezaji alisema pombe kidogo hupotea hewani kila mwaka. Nikasema moyoni, basi yote imekuja kunikuta mimi. Mume wangu alibaki uani, lakini binti alimwita aje aone kama basi linaweza kugeuka pale mlangoni. Akaja. Akasimama kizingitini, pua imeinuka kidogo, na nikaona mkono wake wa kulia unakwenda mfuko wa nyuma wa suruali. Mfuko ule ndio uliokuwa unakaa kichupa, zamani. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mtu anavyojikuna usingizini.

Nikamfuata, nikamfinya ubavu kwa nguvu zangu zote.

"Basi linageuka?" binti akaita.

"Haligeuki," nikajibu mimi.

Lilikuwa linageuka, uwanja mpana ule. Lakini binti alishachoka, sakafu ilikuwa imeinama, njia ina mashimo, na choo kiko mbali. Akafunga mkoba. "Tunachukua gereji," akasema. Tukarudi mjini.

Nyumbani tuligombana, taratibu, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na pumzi ya kugombana vizuri.

"Utakwenda," nikasema, "utavaa koti, utagonga pipa lao. Glasi nitainywa mimi."

"Wewe? Utaanguka juu ya mkurugenzi."

"Nianguke. Atanibeba."

Akacheka, kisha akafunika uso kwa taulo. "Mama Pacha, glasi moja tu najua inapokwenda. Naijua kama njia ya kwenda kwetu. Nitaomba niendeshe basi."

"Siku yako mwenyewe? Wenzako wanakula, wewe unakaa nje kama mlinzi? Koti nimeshalipeleka kwa fundi."

"Nitaendesha nimelivaa."

Iliniuma, na mpaka leo sijaikubali vizuri. Mtu katumika umri wake wote, siku moja ya kukaa mbele anaikataa. Lakini ndiye aliyeacha, si mimi, na mwenye kuacha ndiye anayejua anaachaje.

Akamwendea binti, mimi nikiwa nyuma yake. Binti akashika kichwa. "Mzee, watasema nimekunyanyasa. Unaagwa huku unafanya kazi?"

"Waambie sijastaafu mpaka nimewafikisha."

Binti akamtazama, akazitazama funguo mkononi, akanitazama na mimi. Sijui alielewa nini. Alisema tu, "Sawa, mzee. Nitakodi basi tu, dereva nisikodi," na nikamwona ametua mzigo mmoja.

Sherehe ilikuwa ya mchana. Niseme kweli, binti alichagua vizuri. Viti vyenye mgongo alivitafuta akavipata, wasiokunywa aliwaweka upande wa upepo, na mkurugenzi alizunguka matanki kama ni yake. Mume wangu alikuwa mlangoni na koti lake, kapendeza.

Pipa likaletwa. Mkurugenzi akaita, "Mzee Mzunguko, njoo mbele, na leo usizunguke!" Ukumbi ukaangua kicheko. Akaenda. Akapokea nyundo, funguo zinaning'inia kidoleni. Akagonga mara ya kwanza, koki ikakataa. Akagonga tena, ikaingia, na povu likaruka, likamwagikia mikono yote na kifua cha koti. Kijana wa ndevu akakinga glasi, ikajaa, akampa.

"Kunywa! Kunywa! Kunywa!" Walikuwa wanapiga meza. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanampenda.

Alikaa nayo glasi ile. Mimi nilikuwa nimeshasimama, goti na viatu na yote. Midomo yake ilikuwa mikavu, nikaiona kutoka kule nilikokuwa. Halafu akainua mkono ule mwingine, akatikisa funguo juu ya vichwa vyao.

"Nani hapa anataka kufika nyumbani?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mhasibu akapaza sauti, "Mimi, mzee, mke wangu mkali!" Mume wangu akamkabidhi glasi. Mhasibu akaimaliza, makofi yakapigwa, sherehe ikaendelea.

Lakini yeye alibaki pale, mikono ameiweka mbali na mwili, inadondosha, hajui aifute wapi. Nikamwendea katikati ya watu. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, mimi ambaye hata wakwe hawajaona mvi zangu, nikamfuta kidole kimoja kimoja. Mkurugenzi akasema, "Tazameni mapenzi hayo!" Nikamwacha aseme.

Jua lilipolala tukawapakia. Waliimba njia nzima, akawashusha mmoja mmoja, kila mtu mlangoni kwake. Binti alikuwa wa mwisho. Alilala ameegemea kioo, viatu mkononi, na aliposhuka alimpa mume wangu mkono wa kuagana kwa mikono yake miwili.

Tukabaki sisi na viti vitupu. Koti lilinuka, nikamvua, nikalitupa buti ya nyuma. Miguu yangu ilikuwa imevimba mpaka ngozi ya viatu imenyooka. Tulipofika njia panda ya sokoni akasimamisha basi. Mbele ni barabara ya taa nyekundu na muziki, hiyo inatufikisha nyumbani mara moja. Kushoto ni njia ya maghala, shule, uwanja wa mpira.

"Tukate hapa katikati?" akauliza. "Leo umechoka."

"Nani kakwambia nimechoka?" nikasema. "Zunguka."