Beji Niliyomnyima Riziki

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi nilizoishi, mwanangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, hapa hapa kijijini Ole, namsaidia Bi Time, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, kusomesha watoto wadogo. Maulidi yalikuwa yamekaribia, nikapata wazo la kuwatengeneza wanafunzi beji za kuvaa kifuani.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Tulikata maboksi ya chai kwa kufuatisha duara la kikombe, tukayavika vitambaa alivyotupa fundi cherehani, tukapamba ukingo kwa uzi wa rangi na nyuma tukatia pini. Watoto walikaa mkekani wakibishana nani kakata vizuri, vidole vimewaganda uji wa muhogo tuliogundishia. Riziki, binti wa Mzee Faki, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Hata mimi nilimwachia mikunjo iliyonishinda.

Lakini ndiyo ile miaka ya siasa. Watu wa chama hiki hawakununua kwenye duka la wale, wala hawakualikana arusini. Baba yangu na Mzee Faki, waliochuma karafuu pamoja tangu ujana wao, walikuwa hawaamkiani. Nami, kwa ujinga wa ujana, nikajiona mwanasiasa. Siku ya kugawa beji nilipomfikia Riziki niliizuia yake, nikamwambia mbele ya wenzake, "Wewe kavae ya chama cha baba yako."

Hakulia. Alinirudishia mkasi wangu, akachukua juzuu yake, akaenda zake.

Bi Time alisikia. Alingoja watoto watawanyike, akaniita karibu, akasema taratibu, "Baba zenu wamegombana kwa akili zao. Huyu mtoto umemtia ugomvini wewe." Akanikataza kukanyaga chuoni mpaka nimtake radhi Riziki mbele ya baba yake.

Siku mbili sikutoka ndani kwa haya. Ya tatu nikajitanda kanga, nikaenda kwao na beji yake mkononi. Mzee Faki alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwanawe aamue mwenyewe.

"Nimekusamehe, dada," alisema Riziki. "Lakini sitaivaa."

Siku ya Maulidi alisoma kwa sauti nzuri kupita wote, kifuani hana beji. Kila aliyemuuliza beji yake iko wapi alimjibu kuwa imepotea. Hakunitaja kwa yeyote. Hapo ndipo nilipolia, mwanangu, maana mtoto niliyemwaibisha alikuwa ananisitiri.

Baba yangu na Mzee Faki walikuja kupatana, miaka mingi baadaye. Ugomvi wa wakubwa una siku zake. Lakini neno ulilomwambia mtoto mbele ya wenzake ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Basi ukiwakalisha watoto kwa kazi ya mikono, usiulize baba zao wamesimama upande gani. Na ukikosa, nenda kaombe radhi mapema, wala usidhani kusamehewa ni kurudishiwa kila kitu.

Mola akupe mkono wa kutoa bila kuchagua na ulimi wa kusitiri, na wanao wakue wakipendana. Amin.