Mushipa ya Muguu ya Yaya

Miye nilisomaka mpaka mwaka ya tatu ya secondaire, kisha masomo na miye tukaachana bila kugombana. Donc wakati munganga wa Beni alituambia kama moyo ya yaya, dada yangu mukubwa, iko na mishipa tatu yenye imezibana, na kama kule Kampala batatoa mushipa ku muguu ili bapitishie damu njia ingine, miye nilielewa kitu moja tu: banatafuta muguu.

Na muguu ya muzuri mu famille yetu ni ya nani? Ya miye!

Kwetu huku mugonjwa akikosa damu, famille njo inatoa. Tukafikiri mushipa pia ni vile. Tulikutana ku nyumba, Butembo, na baba mudogo akaniangalia toka magoti mpaka chini, sawa vile banaangaliaka ngombe ku soko ya Kirumba.

"Huyu anachezaka mupira," akasema. "Mishipa haijavimba. Akili ni kidogo, mais muguu iko."

"Wasingya, baba mudogo," nikajibu. Kwa Kinande ni kusema aksanti, na nilisema na roho yote.

Nikakuwa mwami, mufalme kabisa! Mama akanichinjia kuku. Banikataza kupanda moto, ile pikipiki yangu, banikataza hata kubeba maji, mpaka bibi yenye nilioa akanuna. Majirani balikuja kusalimia muguu, miye mwenyewe banisahau. Nilikuwa navaa kaputula mu baridi ya Butembo, meno inagongana, ili batu baone vizuri.

Yaya peke njo alinicheka. Anauzaka maharagwe ya Musienene ku soko ya Beni, na mudomo yake inajua kazi. "Muguu yenye ilikimbiaka masomo," akasema, "itakimbiza moyo yangu wapi?"

Tukapitia Kasindi, ku mupaka, tukafika Kampala. Munganga wa kupasula alikuwa mama moja wa mbiyo, Kiswahili yake imenyooka sawa ya radio. Hata sikumungojea akae. Nikapandisha suruali.

"Docta, chagua! Kushoto ao kuume?"

Akaangalia muguu, akaangalia yaya, akacheka mpaka akatoa miwani. "Bwana, teremsha suruali. Mwili wa dada yako ungeukataa mshipa wako. Tunachukua kwake mwenyewe."

Yaya akashika mbavu. "Na kuku ulikula!"

Kisha docta akamuomba apandishe kikwembe yenye alijifunga, na kicheko ikaisha. Muguu ya kushoto, mishipa ilikuwa imevimba na kuviringana sawa mizizi ya viazi. Njo malipo ya kusimama nyuma ya maharagwe maisha muzima.

"Huu umelegea, hautufai," docta akasema. "Kifuani tutapata mmoja. Miwili iliyobaki lazima itoke mguuni."

"Na kama ya kuume pia imeharibika?" yaya akauliza.

Docta akapakaa dawa ya utelezi ku muguu ya kuume, akatembeza kile kimashini kyenye kinaonesha ndani. Polepole, toka ku kifundo. Ku magoti akasimama. Akarudi chini. Akapanda tena.

"Upo," akasema. "Mwembamba, lakini umenyooka na unatosha kutoa vipande viwili."

Nikaruka, nikagonga taa na kichwa.

Yaya iko na sukari, kidonda yake inakawiaka kupona. Docta akaeleza kama hatapasula muguu yote. Atatoboa kidogo karibu na magoti, aingize camera, avute mushipa polepole. "Lakini nikiona mshipa unaumia, nitafungua mguu mzima. Ukichanika, hatuna mwingine." Akaongeza kama ndani ya mushipa kuko vilango, damu inapitaka upande moja tu, donc balazimika kuugeuza, chini ikuwe juu. Nikasema hata durite ya pikipiki, ule mupira ya kupitisha mafuta, iko vile. Uongo, haiko vile, mais nilitaka kusema kitu.

Siku yenyewe ya kupasula nilitembea mu ile couloir ya hospitali mpaka mulinzi akaniuliza kama niko napima nyumba. Kila mulango ikifunguka, roho inaruka. Mwisho docta akatoka.

"Mshipa ulitoka mzima. Tukaujaza maji taratibu, haukuvuja. Sasa unapeleka damu."

Nikamukumbatia na kofia yake ikaanguka. Mulinzi akakuja kututenganisha!

Yaya alipoamuka, kitu ya kwanza akalalamika, "Balifungua kifua, mbona muguu njo inawaka?" Nikafurahi sana. Mutu wa kukufa halalamikake vile.

Kisha infirmière, muuguzi wa pale, akamusimamisha. Mbele ya hapo, yaya kutoka ku kitanda mpaka ku mulango alikuwa anapumzika mara mbili, mukono ku kifua. Akapita mulango. Akafika ku dirisha. Nikangoja ashike kifua, hakushika. Akaegemea pale, akaangalia chini ku barabara, na sauti ikapanda sawa ya soko:

"Ah! Angalia ule mama, vile anapangaka maharagwe. Nani atanunua hiyo?"

Akageuka, akaanza kutafuta ngazi ya kushukia.