Mataruma ya Mbweni

Kile kitambaa cheupe nilikifungua mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kila nilipojitetea moyoni nilikuwa naliruka. Nilikuwa naanzia kwa fundi, au kwa mume wangu, au kwa mvua za mwaka ule.

Tulihamia Mbweni tukitokea Goba, kwenye nyumba ya kupanga. Mie nafundisha hisabati sekondari, mume wangu ni karani, na sote ni watu wa Njombe. Bahari kwetu ilikuwa kitu cha kwenda kutazama siku ya sikukuu. Kiwanja chetu hakikugusa maji. Katikati palikuwa na mikoko na tope jeusi. Tuliingia nyumba ikiwa haijapigwa plasta, tukiwa na magodoro, jiko la gesi na viti vinne vya plastiki. Meza hatukuwa nayo.

Maji ya bahari yakitoka, kwenye lile tope zilionekana mbao nene zilizopinda, zimesimama safu mbili kama mbavu za ng'ombe. Fundi seremala aliyekuja kufunga milango ndiye aliyejua ni mti gani.

"Mwalimu, hii ni msaji," aliniambia. "Msaji wa zamani huu, mdudu haugusi. Leo ukizunguka mjini kote huupati."

Mume wangu akauliza ni mbao za nani.

"Za nani tena, braza? Za bahari."

Tukashuka sote watatu kuzitazama. Ubao uliokuwa mrefu kuliko zote ulikuwa umefungwa kipande cha kitambaa cheupe, na chini yake palikuwa na chetezo cha udongo cha kufukizia ubani, kilichovunjika ukingo, na kichupa kitupu cha marashi. Fundi akarudi nyuma hatua moja.

"Hapa kuna watu wanakujaga," alisema. "Ishu za watu hizi."

Nikamjibu kwamba ni ushirikina tu. Nimekulia kanisani, na kwetu kitambaa kilichofungwa kwenye mti kina maana moja. Nikainama nikaanza kulifungua fundo. Lilifungwa mara mbili, kwa uangalifu, na ilinibidi nitumie kucha. Kitambaa kilikuwa hakijachakaa. Aliyekifunga hakuwa amekaa muda mrefu tangu aondoke. Hilo nililiona. Nikakivingirisha, nikakitupa kwenye mikoko pamoja na chetezo na kichupa, kisha nikamwambia fundi aanze kazi.

Alizing'oa kwa siku mbili, akazianika, akazipasua. Ilitoka meza ya watu wanane, nyekundu iliyokolea, yenye matundu ya misumari ambayo nilimkataza asiyazibe kwa sababu niliyapenda. Kila mgeni aliipapasa. Wakiuliza nilisema ni mbao za meli ya zamani. Hakuna aliyeuliza meli gani, wala mie sikuwahi kujiuliza.

Mwaka ulikuwa haujatimia tangu tupate meza. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa naanika nguo, nikawaona wanawake wawili kule chini kwenye tope, mmoja mzee, mmoja wa umri wangu. Walikuwa wamevua viatu. Walikwenda huku, wakarudi, wakasimama. Nilijua wanatafuta nini kabla sijashuka, na bado nikashuka, nadhani ili niwahi kusema kabla jirani hajasema.

Nikaamkia. Yule mzee akaitikia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapa palikuwa na mataruma ya chombo. Wewe mwenyeji wa hapa, hujayaona?"

"Mataruma?"

"Zile mbavu za merikebu, zilizosimama hapa."

Nikamwambia maji yalizichukua. Nikaongeza kwamba mvua za mwaka jana zilikuwa kubwa sana, hata ukuta wa jirani ulianguka. Ukuta wa jirani ulianguka kweli. Nilifurahi kuwa na jambo moja la kweli la kumpa.

Mzee hakunitilia shaka. Alikaa kwenye mzizi wa mkoko, na binti yake akasimama nyuma yake akimshika bega. Walikuwa wametoka Temeke, ambako familia yao ina duka la vitambaa tangu enzi za baba yake. Akanieleza, bila mie kumwomba.

Babu yake mzaa baba alikuja na merikebu ile kutoka pwani ya Arabuni akiwa mtoto wa miaka saba, na wazazi wake, dada zake wawili, na watu wengine waliokuja kutafuta maisha. Walipakia tende na samaki wa chumvi. Walikuwa wameshaiona nchi kavu. Wanawake walikuwa wameshabadilisha nguo ili washuke wakiwa wasafi. Ndipo upepo ukageuka, tanga likapasuka, na chombo kikapigwa na mwamba mchana kweupe, mahali ambapo mtu wa pwani angeweza kuwahesabu waliokuwa juu yake. Baba wa yule mtoto alivua kilemba chake akamfungia mwanawe kwenye pipa la maji, mafundo mawili, akalisukuma pipa. Wakati huo mkewe alikuwa anamwita upande wa pili, naye akageuka kwenda kwake. Mtoto alifika nchi kavu peke yake, na ilibidi wavuvi waliomkuta wakate kilemba kwa kisu, kwa sababu fundo lililolowa lilikuwa halifunguki.

"Baba yake na mama yake na wale wasichana hawakuonekana," alisema. "Chombo kilisukumwa mpaka hapa, ndicho tulichopata. Kaburi letu lilikuwa hili. Kila Shaaban tunakuja, tunasoma Fatiha, tunafunga kitambaa kwa ajili ya kile kilemba."

Binti akafungua mkoba akatoa kitambaa kipya cheupe kilichokunjwa vizuri. Hakukuwa na pa kukifunga. Mzee akakipokea, akakirudisha mkobani mwenyewe.

Wakasoma dua wakiwa wameelekea lile tope tupu. Mie nilisimama pembeni mikono imenyooka, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Kisha mzee akaniomba maji ya kutawadha. Nyumba yangu ilikuwa mita mia tu, ningekataaje? Nikawatangulia mbio, nikamwambia mume wangu atandike shuka juu ya meza na afunge mlango wa sebule. Nikawakalisha barazani. Mzee aliswali pale kwenye mkeka, akanishukuru, akaniachia sahani ya halua aliyokuwa ameileta kwa ajili ya sadaka.

Jioni mume wangu alisema, "Mwambie."

"Nitamwambia," nikajibu.

Mwaka wa pili alinipigia simu kabla ya kuja, tukashuka pamoja. Mwaka wa tatu aliniletea kanga, akaniambia mie ndiye ndugu yake wa Mbweni. Kila mara nilimkaribisha barazani, na kila mara nilikuwa na sababu: sebule inapakwa rangi, kuna mgonjwa amelala. Hakuwahi kuuliza. Nilikuja kumpenda kweli, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe baya zaidi, maana mtu nisiyempenda ningekuwa nimeshamwambia.

Mama yangu alifariki mwezi wa pili baada ya ziara ile. Kabla ya kusafirisha mwili kwenda Njombe tuliweka msiba nyumbani, na kama ilivyo kawaida majirani walitoa fanicha zote nje ili watu wakae chini. Sikuwa katika hali ya kufikiri meza iko wapi. Mzee alitoka Temeke na chupa mbili kubwa za chai ya tangawizi, akanikumbatia, akakaa na mie mkekani mpaka adhuhuri. Alipoinuka kwenda kutawadha alipita uani, ambako wanawake walikuwa wanakatia kabichi juu ya meza yangu. Nilimwona kupitia mlangoni. Aliegemea ukingo wa meza, kama mtu anayepumzika, na kidole chake kikawa kinazunguka ndani ya tundu la msumari. Kisha akaenda kwenye bomba. Aliporudi aliniuliza kama nimekula.

Shaaban iliyofuata hakuja. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Ramadhani ilipokaribia nikaomba ruhusa shuleni nikaenda Temeke.

Alikuwa dukani, nyuma ya meza ya kupimia, anakunja doti za kanga. Binti alikuwa anapanga majora. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti. Sikukaa. Nilimwambia yote pale pale nikiwa nimesimama: fundi, mbao, meza, shuka, baraza. Hakuacha kukunja.

"Nilijua," alisema nilipomaliza. "Tangu siku ya msiba wa mama yako. Nikamwambia huyu tunyamaze, mfiwa hasumbuliwi. Nikasema arobaini ikipita utaniambia. Ikapita."

"Mama, nisamehe."

"Mbao hukuzijua ni za nani. Hilo nimelisamehe siku ile ile." Akaweka doti juu ya nyingine. "Kitambaa je? Kilikuwepo."

Nilitaka kusema upepo. Neno lilishafika mdomoni. Nikasema, "Nilikifungua mie, nikakitupa."

Binti yake akaacha kupanga. Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema.

"Ulilifungua fundo," alisema, "kisha ukanisimamisha pale miaka mitatu nawaombea watu wangu mbele ya matope, na wao wako ndani kwako wamefunikwa shuka."

Akanipa maji, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, nikanywa, nikaondoka.

Baada ya wiki binti alinipigia: mama yake anaomba mbao. Fundi yule yule akaja kuitengua meza. Alizifuta kila moja kwa kitambaa kikavu. Tulizipakia kwenye kirikuu, na mume wangu akakaa nyuma pamoja nazo mpaka Temeke. Watoto wa kiume wa yule mzee walizipokea, wakazifukia makaburini karibu na yule babu wa mama yao. Mume wangu aliwasaidia kushusha, akaalikwa kula pilau baadaye. Mie niliambiwa kwamba haitakuwa lazima nije. Ndivyo binti alivyosema, kwa adabu kabisa.

Yapata miaka miwili sasa. Nampigia Idi zote mbili, na siku moja moja katikati. Hupokea. Nikisema shikamoo huitikia marahaba, huniuliza habari za nyumbani, namwambia njema, huniambia alhamdulillahi. Kisha hunyamaza, wala hakati simu. Hungoja mpaka niikate mie.