Nakala kwa Shemeji

Miaka ile ya soko huria, simu za mkononi zilipoanza kushika mtandao Dodoma, niliajiriwa na kampuni moja ya simu kuwa mwanasheria wa siri za wateja. Wawekezaji walisema lazima awepo mtu wa namna hiyo, nikawa mimi. Nilipewa meza, kabati la chuma lenye kufuli mbili, na dirisha lililotazamana na genge la nyanya. Sheria ya kulinda taarifa za watu haikuwepo bado. Nilikuwa na ibara moja ya Katiba, kufuli zangu mbili, na majivuno ya kunitosha mimi na idara nzima.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa kubuni fomu. Mteja asiyetaka orodha ya simu alizopiga itumwe kwa posta pamoja na bili angejaza Fomu ya Kuomba Usiri, nasi tungemtunzia orodha yake kabatini. Niliiandika kwa siku tatu. Sharti la nne ndilo lililonipendeza zaidi: mwombaji alete barua ya mjumbe wa nyumba kumi, ya kumtambulisha na kueleza sababu ya ombi lake. Sikuona ubaya wowote. Huwezi kufungua akaunti benki wala kumdhamini mtu polisi bila barua ya mjumbe, sasa siri ndiyo ipite hivi hivi?

Mwombaji wa kwanza alikuwa muuguzi aliyeishi Miyuji, mjane mwenye binti wa miaka tisa. Sanduku la posta alilotumia lilikuwa la shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na ufunguo aliushika shemeji huyo. Kila mwezi aliifungua bili ya mjane, akazisoma namba moja moja, kisha akaenda kumhoji mjane ni za nani.

"Natafuta uhamisho niende Songea, kwetu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Napiga simu huko kila wiki. Wakijua kabla sijaondoka, mtoto watamzuia. Shemeji ameshasema mtoto ni wa ukoo."

Nikamwonesha kabati. Nikamwonesha kufuli zote mbili, na nikazifunga na kuzifungua mbele yake. Aliisoma fomu taratibu, akasimama kwenye sharti la nne.

"Hili nalo ni lazima?"

"Lazima, dada. Ndio utaratibu."

Baada ya siku mbili alirudi na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Mjumbe wake alikuwa karani mstaafu wa serikali, mzee mwenye taipureta yake nyumbani. Nikaifungua na kusoma:

"YAH: SIRI YA MJANE WA NYUMBA YA SABA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtajwa ni mkazi wangu mwenye tabia njema, na ana siri ninayoifahamu vizuri. Anatarajia kuhamia Songea yeye na mtoto wake bila ndugu wa marehemu kujua. Naomba apewe ushirikiano."

Nilikuwa nikitabasamu, maana ilikuwa barua safi, yenye mhuri na sahihi. Kisha macho yakashuka chini ya sahihi.

"Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa. Shemeji wa mhusika, kwa taarifa. Jalada."

"Barua hii umeisoma?" nikamuuliza.

"Ningeisomaje? Aliifunga mwenyewe. Alisema ni ya siri."

Nikamgeuzia karatasi aisome. Aliweka kidole kwenye neno shemeji, na hakukiondoa. Tukachukua teksi hadi Miyuji.

Mjumbe tulimkuta barazani akipanga majalada.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Barua imefika?"

"Imefika mzee. Ila nakala ya shemeji, tafadhali usiipeleke."

"Nimeshaipeleka asubuhi, kwa mkono wangu," akasema kwa fahari, akanifungulia kitabu ambamo shemeji alikuwa ametia sahihi ya kupokea. "Barua ya mambo ya familia asipopewa nakala mkuu wa familia, hiyo si barua. Hayo ni majungu."

Mjane hakusubiri tumalize. Alikimbia nyumbani, akakuta mtoto hayupo. Shemeji alikuwa amempeleka kijijini Kolo kwa bibi yake, kusalimia, na shule zilikuwa wazi.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena kazini. Nikarudi kwa yule mzee, nikaketi mbele ya taipureta yake, nikaandika barua kwa shemeji: "YAH: MTOTO ALIYETOLEWA MASOMONI NA KUPELEKWA KOLO." Maelezo yalikuwa mistari mitatu. Nakala zilijaza ukurasa: mwalimu mkuu, afisa elimu, ustawi wa jamii, polisi, diwani, mwajiri wa shemeji, imamu wake, na mwenyekiti wa chama chake cha kuzikana. Mjumbe alizisambaza mwenyewe kwa miguu, kifua mbele, kila mmoja akitia sahihi. Siku ya nne shemeji alimrudisha mtoto. Alisema bibi ameshasalimiwa vya kutosha.

Uhamisho ulipotoka, mjane alikuja kuniaga, binti kamshika mkono.

"Dada, lile sharti la nne aliliweka nani?"

"Makao makuu," nikasema bila kupepesa macho. "Hata sisi huku linatukera."

Akanipa pole. Nikaipokea.

Miezi miwili baadaye niliitwa masjala kusaini kupokea barua kutoka makao makuu. Mjane alikuwa amewaandikia kutoka Songea, akinisifu mimi kwa wema wangu na kuwaomba walifute sharti la nne walilolitunga, lisije likampokonya mwingine mtoto. Nao walikuwa wameniandikia hivi:

"Kumbukumbu zetu zinaonesha kuwa sharti hilo ulilibuni wewe mwenyewe na kulisifu katika taarifa yako. Tafadhali toa maelezo."

Macho yakashuka chini ya sahihi.

"Nakala: Mlalamikaji, Songea, kwa taarifa."

Niliifungia barua ile kabatini kwa kufuli zote mbili. Nakala ya Songea ilikuwa imeshaondoka.