Ndoo ya Mama Rachid

Adventina anaijua kazi yake, na anajua kwamba anaijua. Katika hoteli moja ya ghorofa mbili pale Musinzira, mjini Gitega, Burundi, yeye ndiye guvernanti, mkubwa wa wasafishaji wa vyumba, na ufunguo wa stoo ya mashuka hautoki shingoni mwake. Atakueleza hata kama hujamuuliza kwamba kitambaa cha kioo hakigusi sinki, kwamba brashi ya choo haivuki mlango wa choo, na kwamba javeli, ile dawa kali ya kung'arisha, ikizidi inakula mashuka. Mwache aseme, utajifunza. Ila usimuulize habari za ndoo ya buluu.

Alikulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, mtoto wa wakulima wa Nyarusange waliokimbia vita. Waliporudi walikuta ndugu wameshagawana shamba, na kilichobaki hakikutosha hata matuta ya viazi, basi akashuka mjini kutafuta kibarua. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, meneja akakipenda, akamchukua. Kazi yenyewe hakuijua. Siku ya kwanza alipewa raklete, ule mti mrefu wenye ubao wa mpira mwishoni, akauvisha kitambara chenye maji na kuanza kupiga deki kutoka mlangoni kuelekea dirishani, kwa bidii kubwa, mpaka akajikuta amebanwa kwenye kona, sakafu mbichi imemzunguka pande zote.

Aliyemkuta pale akamcheka, kisha akamfundisha, ni Salama. Huyu alikuwa mjane Mwislamu, mzaliwa wa Muyinga aliyekuja Gitega kwa ndoa, na pale hotelini kila mtu alimwita Mama Rachid kwa jina la mwanawe. Alimwonyesha Adventina kuanza dirishani na kurudi nyuma mpaka mlangoni, kukamua kitambara kwa kukisokota badala ya kukifinya, na kutochanganya kamwe javeli na dawa ya choo, maana moshi wake unakaba kifua. Idi ilipofika, Adventina alikula pilau kwa Mama Rachid. Noeli ikifika, Mama Rachid alikuja kwa Adventina na maandazi, wakacheka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Dada wa tumbo moja hawakupendana hivyo.

Mama Rachid alikuwa akisalia palepale kazini, kwenye kona ya stoo ya mashuka, karibu na dirisha. Kona ile aliipigia deki mwenyewe, kwa ndoo yake ya buluu iliyofungwa ukanda wa kitenge kwenye mpini. Siku za mwanzo tu alimwambia mwenzake, "We tumia ndoo zote, mdogo wangu. Hii moja uniachie. Pahali pangu pa kusalia hapataki maji ya choo." Adventina akakubali, na kwa miaka akalishika neno lake.

Likaja lile juma la sherehe. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na ukumbi wa hoteli ulikuwa umekodiwa na watu wa mahari. Bia zilinywewa kwa furaha ya ukoo mzima, na mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, heshima yake yote na suti yake, akatapika kuanzia ukumbini hadi chooni bila kuruka hata kigae. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. Ndoo zote zilikuwa zimejazwa akiba kwa ajili ya wageni wa vyumbani, na Mama Rachid alikuwa ameshakwenda kwake kufuturu. Iliyobaki tupu ilikuwa ya buluu.

Adventina aliichukua. Alichota maji kidogo ya akiba, akasafisha ukumbi, akasafisha choo, akakamulia uchafu wote wa kitambara ndani ya ndoo ile. Kuisuuza vizuri hakuweza, maji yenyewe yako wapi? Akamimina javeli, akaifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa, akaifunga tena ukanda wake wa kitenge vilevile. Javeli inaua kila kitu, alijiambia. Hakuna aliyemfundisha kwamba kwa mwenzake usafi wa sala ni mambo ya maji, na javeli haina cheti huko.

Asubuhi Mama Rachid aliinama juu ya ndoo yake, akanusa. Akamuuliza polepole, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kujua afanye nini, "Ndoo yangu, uliigusa?"

Angesema ndiyo, mambo yangeishia bombani. Maji yangerudi, ndoo ingeoshwa, labda angenuniwa mpaka jioni. Lakini Adventina aliona haya, na haya ikamtangulia mdomoni. "Hapana, Mama Rachid. Sijaigusa."

"Bon," akasema Mama Rachid, akachota maji, akapiga deki kona yake, akasimama kusali. Alisali hivyo mpaka mwezi ukaandama. Adventina alikuwa akipita na mashuka mikononi, akiangalia pembeni, na mwanzoni ilimuuma. Baadaye ikaacha kumuuma, na hilo ndilo analojilaumu zaidi leo.

Mwaka uliofuata akafanywa guvernanti, na cheo kikamlegeza ulimi. Siku moja alikuwa akimfundisha Emiliana, msichana mgeni wa kazi, nguvu za javeli. Emiliana akawa hasadiki. Basi Adventina, kwa kutaka kushinda maneno tu, akacheka na kusema kwamba hata ndoo ya Mama Rachid ilishawahi kuzoa matapishi ya chooni, yeye akaipiga javeli, na mwenyewe akaendelea kupigia deki pa kusalia mpaka Idi bila kujua.

Mama Rachid alikuwa mlangoni, amebeba foronya. Aliziweka mezani, akazinyoosha. Kisha akasema, "Mi nilikuuliza." Alimaliza vyumba vyake vyote, vitanda vikakaa sawa, akamwachia Emiliana ndoo ya buluu na kuaga wengine kwa mkono. Kabla ya mwisho wa mwezi alikuwa ameshahamia Muyinga kwa Rachid, aliyekuwa na cherehani zake sokoni.

Maji yakimwagika hayazoleki, na huyu wa kupiga deki alilijua hilo kuliko wengi. Alipiga simu. Mama Rachid alipokea, akamsalimu, akauliza hali ya wazazi kule Nyarusange, na maongezi yakaishia hapo. Alipiga tena Idi ilipofika, ikawa vilevile. Kona ya stoo Adventina hakuruhusu mtu aweke katoni za sabuni. Akawa anaipigia deki mwenyewe kila asubuhi, kwa maji safi, ingawa hakuna aliyesimama pale tena.

Mwaka huu akashindwa kuvumilia. Alinunua ndoo mpya ya buluu, akaifunga mpini kwa ukanda wa kitenge, akaenda kusubiri basi. Mafuta ni shida siku hizi, akasubiri mpaka akachoka, na njia nzima kupitia Karuzi aliipakata ile ndoo mapajani, abiria wakimtania kwamba amebeba mtoto gani asiyelia.

Mama Rachid alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda kidogo, ila kicheko kilikuwa kilekile. Aliagiza chapati, akapika chai ya tangawizi, akamketisha kwenye mkeka wake mzuri. Adventina hakungoja chai ipoe. Aliomba msamaha wote aliokuja nao, akalia, akasema aliharibu kitu ambacho hajakipata tena kwa mtu mwingine.

"Nilikusamehe zamani, mdogo wangu," alisema Mama Rachid, akimpangusa machozi kwa ncha ya mtandio. "Ile mambo mi niliimalizaka na Mungu. Kunywa chai."

Moyo wa Adventina ukatua. Akaivuta ndoo, akampa. "Ni mpya," akasema. "Haijaguswa na mtu."

Mama Rachid akashukuru, akaushika ule ukanda wa kitenge, akatabasamu. Adhana ya alasiri ilikuwa inakaribia. Akainuka na ndoo mkononi, akatoka uani, na Adventina akiwa kwenye mkeka na kikombe chake akamwona kupitia mlango wazi. Alifungua bomba. Aliijaza ndoo, akaisugua ndani kwa kiganja, akamwaga. Akaijaza tena, akamwaga. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anafanya kama mtu anavyofanya kitu cha lazima.

Lebo ya duka ikalegea, ikaenda na maji kwenye mfereji. Mama Rachid akaijaza mara ya tatu.