Mahali pa Kuweka Upweke

Miaka mingi niliwafundisha vijana wa Likasi kuandika, na sheria niliyowagombeza nayo ni moja: neno la hisia litumie mara moja tu, pale ambapo kitu kingine kimekosekana. Mganga hajigangi. Mke wangu alipofariki niliandika hadithi ya mzee mmoja aliyefiwa, na "upweke" nikaumwaga kila ukurasa. Mwalimu mzima, jamani!

Nilimpa jirani yangu aisome. Ni mjane kama mimi. Zamani alipiga mashine ya kuandikia ofisini, na kosa halimpiti. Alikaa barazani kwangu, karatasi magotini, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Mwalimu, umeandika upweke mara kumi na moja, na minye sikusikia hata moja. Lakini apa muzee anapika bukari, anakula peke yake. Mama yangu! Nani anakula bukari peke yake? Iko mulozi?"

Kwetu ugali huo huliwa sahani moja, mikono mingi. Anayejifungia na sahani yake watu humwogopa.

"Si mulozi, Mama," nikasema. "Hana muntu wa kula naye."

Akaacha kucheka. Alitazama mlango wa jiko langu, kisha akarudi kwenye karatasi.

"Basi bukari uache. Ile neno tunatoa." Akalikata kila lilipokuwa, kwa kalamu nyekundu. "Moja utaweka weye mwenyewe, fasi yenye kuuma."

Niliitafuta fasi hiyo, mahali hapo pa kuuma, wiki nzima. Kila nilipolibandika neno, sentensi ilinuka unafiki. Nikakubali, tena kwa hasira, kwamba mzee wa karatasini halihitaji. Ninayelihitaji ni mimi, na wa kuambiwa ni mwanangu aliye Lubumbashi. Kila Jumapili baada ya misa hunipigia simu, nami kila Jumapili humjibu "niko muzuri" kama kasuku. Nilikuwa na haya. Mzazi amlilie mtoto? Lakini Jumapili ile niliapa kusema.

Alipiga. Nilimwacha amalize habari za kazi, za watoto, za mafua ya mkewe.

"Na weye, Papa?"

Nikasimama. "Mwanangu, minye niko na upweke. Tangu mama yenu alienda, hii nyumba inanishinda."

Kimya. Nikasubiri, nikidhani analia. Nilipoitazama simu, laini ilikuwa imekatika, sijui tangu lini.

Akapiga tena. "Papa, rezo iko mubaya. Ulikuwa unasema nini?"

Nguvu ya kulisema tena sikuwa nayo.

"Nilikuwa nauliza," nikamwambia, "kama kule kwenu mvua imenyesha."