Bega la Muriithi

Hapa mtaani Skuta ninapoishi, jirani wa ghorofa ya juu ana tabia ya kumwaga maji ya kufulia kutoka varandani, beseni zima kwa mkupuo mmoja. Yakitua kwenye saruji ya uani husikika paa! Nami hukasirika upya. Si kwa ajili ya jirani. Ni kwa ajili ya Guka, babu yangu, na siku ile kule Othaya.

Nilikuwa na miaka minane. Dada yake baba, Tata Wangechi, alikuwa amepata mchumba, Muriithi wa Endarasha, baharia wa meli za mizigo. Mimi nilimpenda kwa sababu ya peremende zake zenye maandishi ambayo hata mwalimu wetu hakuweza kuyasoma.

Alikuja kujulisha nia yake, kama ilivyo desturi kabla mahari haijatajwa. Boma lilinukia nyama ya mbuzi na moshi wa kuni mbichi. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, na mkono ulining'inia tu ndani ya koti. Guka akauliza kulikoni.

"Ni wimbi, mzee," Muriithi akasema. "Meli ikiinama mbele, bahari inapanda juu ya sitaha, pale tunafanyia kazi. Hiyo maji haiangukangi kama mvua. Inaanguka yote mara moja. Ilinibeba ikanipiga kwa ukuta ya chuma."

Akatoa simu, akaonyesha picha: reli za chuma, nene kuliko mkono wangu, zimelazwa kama nyasi, na mlango wa chuma umebonyea katikati. Guka, ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, hakuitazama hata mara mbili.

"Ati maji ivunje mtu mfupa? Wewe ulikuwa umelewa, ukaanguka kwa ngazi."

Wazee wakacheka mpaka wakajifuta machozi.

"Mzee, mimi sijai onja pombe."

"Haya. Na siku ya ngurario, utakata kiande na mkono gani?"

Kicheko kikakatika. Siku ya ngurario, karamu ya ndoa ya kimila kwetu, bwana harusi hukata bega la mbuzi mbele ya watu wote, na pasipo kukatwa bega hilo, hakuna ndoa. Tata Wangechi, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni na sufuria ya supu, akasema, "Nitamshikia nyama, akate na kushoto."

"Wewe rudi jikoni," Guka akamjibu.

Muriithi aliondoka hata kabla nyama haijaiva. Kufikia Jumapili, kanisa zima lilijua kwamba baharia wa Wangechi ni mlevi.

Kwa miaka mingi niliwahesabu wazee wale kuwa wajinga tu, watu wa milimani wasioijua bahari. Nilikuwa nikiwapunguzia makosa. Nani katika boma lile hakujua uzito wa maji? Cucu, nyanya yangu, alikuwa na mfereji kwenye paji la uso, uliochimbwa na ukanda wa kubebea maji kutoka mtoni. Tangi letu la lita elfu moja, yaani tani nzima, lilipopasuka, liliangusha ukuta wa zizi, na ni Guka mwenyewe aliyeujenga upya. Walijua. Walitaka mkwe wa mikono miwili, wa kupasua kuni na kubeba magunia ya majani chai, na hawakuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo machoni. Ikawa rahisi zaidi kumwita mlevi mtu aliyeumia kazini. Hilo ndilo linalonichoma.

Tata Wangechi hajaolewa hadi leo. Kwenye harusi za ukoo, wanawake hunong'onezana kwamba shida yake ni kuchagua sana. Kuchagua sana! Alichagua mara moja tu maishani, na alichagua vizuri.